Kamba mlangoni: miaka yangu na filamu za Mzee Sembène

Petroli ya jenereta ilituishia katikati ya filamu, pale mume wa Collé anapoinua mjeledi ili mkewe alitaje neno la kuwaondolea kinga wasichana waliokimbia kukeketwa. Shuka likawa giza, spika zikanyamaza, na watu karibu mia mbili waliokaa kwenye uwanja wa shule ya msingi wakabaki wametazama mbele. Nilikuwa na maiki mkononi na sentensi nusu mdomoni. Kijana wangu wa jenereta akadandia bodaboda kwenda senta kutafuta mafuta. Ilikuwa saa tatu na nusu usiku, Desemba, milimani Tarime. Nikajua wataondoka.

Hakuondoka mtu. Mama mmoja upande wa kushoto, mtoto mgongoni, akasema kwa sauti: "Asilitaje. Akilitaja hilo neno, wale watoto wamekwisha." Mwingine nyuma yake akajibu: "Atalitaja. Mume akikupiga vile mbele ya kijiji kizima, nani asitaje?" Wa tatu akaingilia. Kisha mwanaume mmoja akasema huyo mume naye kaonewa, kasukumwa na kaka yake. Mabishano yakashika, nusu Kikuria nusu Kiswahili, gizani, kwa zaidi ya nusu saa. Mafuta yalipofika nikainama kuvuta kamba ya jenereta, mzee mmoja akanishika bega: "Mura, ngoja kwanza. Acha wamalize."

Nimeionyesha filamu hiyo, Moolaadé, zaidi ya mara thelathini katika vijiji vya Tarime, Serengeti na Butiama. Kila mara kuna mtu anayeniuliza aliyeitengeneza ni nani, na kila mara namjibu kwa dakika mbili huku nakunja nyaya. Mtu yule, Ousmane Sembène wa Senegal, anastahili zaidi ya dakika mbili, ndiyo maana leo naandika.

Kwanza niseme nilivyofika kwake. Nimekulia Musoma, karibu na Mwigobero. Nikiwa darasa la sita nilipata kazi kwenye kibanda umiza cha jirani: kukusanya hela mlangoni, kupanga mabenchi, kurudisha kanda nyuma. Watu walikuja kwa ajili ya filamu za Hong Kong, lakini walikuja hasa kwa sauti ya Lufufu, yule bingwa aliyekuwa anazisimulia kwa Kiswahili ndani ya kanda yenyewe. Kanda ikija bila sauti yake, kibanda kilikuwa kitupu. Siku moja mwenye kibanda akanipa maiki akasema, "Wewe unasoma, hebu wasimulie." Nilikuwa na miaka kumi na minne. Usiku ule nilijifunza jambo ambalo sijaliacha mpaka leo, kwamba mtu anayeona picha bila kuelewa maneno yuko nje ya mlango hata kama amelipa kiingilio.

Mwaka 2009 rafiki yangu aliyekuwa amerudi kutoka FESPACO, lile tamasha la filamu la Ouagadougou, akanipa DVD tatu ndani ya bahasha. Zote za Ousmane Sembène. Alikuwa amefariki miaka miwili kabla, Juni 2007, nyumbani kwake Dakar. Nikaziangalia zote usiku mmoja, na asubuhi nikamwambia mke wangu kuwa nimepata mwalimu.

Sembène alizaliwa mwaka 1923 huko Ziguinchor, kusini mwa Senegal, mtoto wa mvuvi. Shule aliiacha mapema baada ya kugombana na mwalimu mkuu. Akawa fundi mwashi, akawa fundi makanika, vita vilipokuja akachukuliwa kuwa askari wa jeshi la wakoloni wa Kifaransa. Baada ya vita akavuka bahari mpaka Marseille, akawa kuli wa bandarini. Alipakua meli, akaumia mgongo, akaingia chama cha wafanyakazi, na humo humo kwenye maktaba ya chama akaanza kusoma kama mtu mwenye njaa. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1956, nayo ni ya kuli mweusi. Ya mwaka 1960, iliyompa jina kubwa, inahusu mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar–Niger ulioanza Oktoba 1947 na kumalizika Machi 1948.

Hapo ndipo wengi wangetulia. Mtu aliyeacha shule utotoni amekuwa mwandishi anayesomwa Paris, anataka nini tena? Lakini yeye aliporudi Afrika aliona tatizo ambalo halikumpa usingizi. Wale aliokuwa akiwaandika, mama wa sokoni, mfanyakazi wa reli, mkulima, hawakuweza kuvisoma vitabu vyake. Vilikuwa kwa Kifaransa, na wengi wao hawakujua kusoma kwa lugha yoyote. Basi mwaka 1962, akiwa na karibu miaka arobaini, mwandishi mwenye jina, akaenda Moscow kukaa darasani na vijana na kujifunza kushika kamera. Mwaka uliofuata akatoa filamu fupi kuhusu mwendesha mkokoteni wa farasi Dakar. Siku moja tu ya huyo maskini, na mwisho wa siku mkokoteni umechukuliwa na serikali kwa sababu kauingiza mtaa wa wakubwa. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha toroli au bodaboda mjini anaielewa filamu hiyo bila mkalimani.

Sembène aliiita sinema shule ya usiku. Nilipolisoma neno hilo nilimkumbuka bibi yangu, kwa sababu sisi tulikuwa nalo neno letu: ngumbaru. Bibi alijifunza kuandika jina lake kwenye kisomo cha watu wazima, akiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Na mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, yeye na majirani walikaa kuzunguka redio kila wiki, wakasikiliza kipindi, kisha wakakizima na kujadili wafanye nini, wachimbe choo wapi, maji wachemsheje. Karibu watu milioni 2 nchi nzima walikaa hivyo. Bibi hakunisimulia kipindi hata kimoja. Alichonisimulia ni ubishi uliofuata. Sembène naye alizibeba filamu zake vijijini, akaonyesha, kisha akakaa na watu kuzungumza. Kwake onyesho lilikuwa nusu ya kazi.

Kitu ninachompendea kuliko vyote ni lugha, labda kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Filamu yake ndefu ya kwanza, La Noire de…, ya mwaka 1966, ni ya Diouana, msichana wa Dakar anayechukuliwa na familia ya Kifaransa mpaka Antibes. Anadhani anakwenda kulea watoto na kuiona Ufaransa. Akifika hakuna cha watoto: jiko, choo, sakafu, na mlango ambao hatoki. Kuna mahali barua inakuja kutoka kwa mama yake. Bwana mwenye nyumba anamsomea, kisha anachukua kalamu anaanza kumwandikia majibu, anatunga yeye mwenyewe, eti "niko salama, wananitendea vizuri". Diouana anaichana ile barua. Filamu inaishia kwenye kifo chake, na chanzo cha hadithi ni habari fupi ya kweli iliyotoka gazetini Ufaransa.

Niliionyesha mara moja tu, Musoma mjini, kwa kikundi cha mabinti wanaofanya kazi za ndani. Pale kwenye barua, binti mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Uarabuni miezi michache kabla alisimama akatoka nje. Nilimfuata. Alikuwa amekaa kwenye ngazi. Akaniambia, "Kaka, mimi simu yangu alikuwa anaishika mama mwenye nyumba. Nikiongea na mama yangu anasimama pembeni anasikiliza. Kila mara nilisema niko salama." Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo sijaionyesha tena bila kumweka mtu wa kukaa na watu baadaye, na mtu huyo simpati kila wakati.

Ila kuna jambo lililomkera Sembène mwenyewe katika filamu hiyo. Diouana anaongea Kifaransa. Mawazo yake ya ndani kabisa, anayomwambia moyo wake usiku, ni Kifaransa safi, kwa sauti ya mwanamke mwingine. Fedha za Ufaransa zilikuja na lugha yake. Basi filamu iliyofuata, Mandabi ya mwaka 1968, akaipiga mara mbili: mara ya Kifaransa, mara ya Kiwolofu. Ikawa filamu ndefu ya kwanza ambamo watu wa Dakar waliwasikia wahusika wakigombana, wakibembelezana na wakikopana kwa lugha ya nyumbani kwao. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akashirikiana na msomi Pathé Diagne kuanzisha gazeti la Kiwolofu. Huyu ndiye mtu aliyekuwa tayari na jina kwa Kifaransa! Alikuwa anarudi nyuma kuwachukua waliobaki.

Mandabi ndiyo inayochekesha zaidi vijijini, na ndiyo inayouma zaidi baada ya kicheko. Mzee Ibrahima Dieng, wake wawili, watoto saba, hana kazi, anapokea hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara Paris. Fedha zenyewe si zake: 20,000 ni za kumtunzia kijana, 3,000 za mama wa kijana, zake ni 2,000. Anakwenda posta. Kitambulisho? Hana. Aende polisi. Polisi wanataka cheti cha kuzaliwa. Manispaa wanataka tarehe ya kuzaliwa, na yeye anajua mwaka tu. Picha, muhuri, nauli. Huku habari imeenea mtaani kuwa mzee ana hela, majirani wanapanga foleni kukopa, na mwenye duka anamdai. Mwisho ndugu msomi mwenye suti anajitolea kumsaidia, anazichukua fedha zote na kusema zimeibwa.

Onyesho moja nililofanya Butiama, mzee wa miaka sabini na kitu aliinuka kabla filamu haijaisha. Akatoa mfukoni bahasha ya nailoni, akakunjua karatasi moja baada ya nyingine, akazipanga chini kwenye mwanga wa projekta: barua ya mtendaji, kadi ya kliniki ya mtoto wake, kadi ya chama ya zamani, risiti. "Na mimi haya hapa," akasema. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Vijana wawili waliomaliza kidato cha nne wakajitolea kumjazia fomu asubuhi yake. Ndiyo faida pekee ya filamu ninayoweza kuithibitisha kwa macho yangu, fomu iliyojazwa juu ya benchi la duka.

Xala na Ceddo nazipita haraka, si kwa kuwa ni ndogo. Ya kwanza inawavua nguo wakubwa wapya waliorithi viti vya wakoloni, na serikali ya Senegal iliikata vipande. Ya pili ilipigwa marufuku nyumbani, na sababu iliyotolewa ilikuwa tahajia: jina limeandikwa kwa d mbili wakati sheria inataka moja. Sembène hakuitoa ile d.

Lakini siwezi kuipita Camp de Thiaroye, ya mwaka 1988, aliyoiongoza pamoja na Thierno Faty Sow. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa KAR, jeshi la wakoloni wa Kiingereza Afrika Mashariki, alipigana Burma mwaka 1944, akarudi na koti la jeshi na ukimya. Mwaka huo huo, tarehe 1 Desemba 1944, katika kambi ya Thiaroye nje ya Dakar, jeshi la Ufaransa liliwafyatulia risasi askari Waafrika waliokuwa wameipigania Ufaransa, wakakamatwa na Wajerumani, wakarudishwa nyumbani. Kosa lao lilikuwa kudai mishahara yao. Ufaransa ilitaja vifo 35, miaka mingi baadaye rais wake akataja 70, na mpaka leo makaburi na hesabu vinabishaniwa. Kwa kuwa alikuwa askari wa jeshi hilo hilo, Sembène aliwafahamu wale watu hata kabla ya kuwaandika. Aliitengeneza kwa fedha za Senegal, Algeria na Tunisia, bila senti ya Ufaransa. Ilipata tuzo ya majaji Venice, na Ufaransa kwenyewe haikuonyeshwa kwa miaka mingi. Nilimwonyesha baba yangu kwenye kompyuta sebuleni. Kwenye sehemu askari wanapobadilishiwa fedha zao kwa nusu ya thamani, alisema kitu kimoja tu: "Ndiyo maana mzee hakuwahi kuzungumzia pensheni."

Sasa Moolaadé. Aliitoa mwaka 2004, akiwa na miaka 81. Ikashinda tuzo Cannes katika kundi la Un Certain Regard. Aliipiga katika kijiji cha Djerrisso, Burkina Faso, kwa lugha ya Kibambara, na Collé anaigizwa na Fatoumata Coulibaly wa Mali. Wasichana sita wanakimbia siku ya kukeketwa. Wawili wanajitupa kisimani. Wanne wanakimbilia kwa Collé, kwa kuwa miaka iliyopita alikataa binti yake mwenyewe akeketwe. Collé anachukua kamba ya nyuzi za rangi, anaifunga mlangoni kwake, chini kabisa, usawa wa goti la mtoto. Kamba hiyo ndiyo moolaadé. Asiyealikwa haivuki, na ni yeye peke yake anayeweza kuiondoa, kwa neno.

Neno hilo lilinitesa. Mara ya kwanza nilitafsiri "ulinzi", watu wakamfikiria mgambo. Kijiji cha pili nikasema "hifadhi", nikaona nyuso zimekunjamana. Kwa mtu anayeishi jirani na Serengeti, hifadhi ni mahali ambapo ng'ombe wake hawaruhusiwi kukanyaga. Nikajaribu "amana", wakadhani kuna fedha. Ni mama mmoja muuza dagaa, baada ya onyesho la nne au la tano, aliyenifuata akaniambia: "Mwanangu, unahangaika. Sema kimbilio. Tunaimba kila Jumapili." Tangu hapo ni kimbilio.

Neno jingine halikunisumbua hata kidogo. Katika filamu, msichana asiyekeketwa anaitwa bilakoro, tena kwa dharau, na hakuna anayetaka kumwoa. Wakurya wana neno lao, msagane, lenye uzito ule ule na dharau ile ile. Nilipolitamka mara ya kwanza kwenye maiki, uwanja mzima ulinyamaza. Kijiji kile cha mbali, chenye msikiti wa udongo na lugha ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, kilikuwa kimehamia Tarime.

Sheria tunayo tangu 1998, inayokataza kumkeketa msichana chini ya miaka kumi na minane. Kila mtu anaijua. Inapokaribia likizo ya Desemba polisi wanatangaza, mashirika yanaleta fulana, na ngariba wanasubiri magari yaondoke, au wanavuka mpaka, au wanafanya usiku. Mimi siidharau sheria, kuna wasichana wako hai kwa sababu yake. Ila Sembène aliona kitu ambacho fulana haioni. Katika filamu yake hakuna askari, hakuna mzungu, hakuna daktari anayekuja na chati. Kuna wake watatu wa mume mmoja wanaoishi ua mmoja. Kuna redio ambazo wanaume wanazinyang'anya na kuzichoma moto mbele ya msikiti, kwa kuwa wanajua maneno yanaingilia wapi. Kuna mama anayemwiba binti yake kutoka kwenye kimbilio akampeleka kwa ngariba, na mtoto anafariki. Huyo mama ndiye anayewaliza watu wangu kuliko Collé. Si mkatili. Alitaka mtoto wake aolewe.

Nalaumiwa pia. Mchungaji mmoja aliniuliza kwa nini niwaletee watu picha ya mwanamke anayemkaidi mumewe hadharani. Nilimwomba akae mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni yule mume mwenyewe, aliyepiga, anasimama na kuwapa wanaume wenzake mgongo. Alikaa. Hatukukubaliana, lakini mwaka uliofuata alituazima jenereta ya kanisa.

Narudi usiku ule wa petroli. Walipomaliza kubishana tuliwasha, na Collé hakulitaja neno. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele, hata yule aliyesema atataja. Tukaendelea mpaka wanawake wanapowaendea wakeketaji, wanawanyang'anya visu kimoja kimoja na kuvitupa motoni. Filamu ikaisha, mazungumzo yakaenda mpaka karibu saa sita, watu wakaanza kuondoka na tochi zao.

Nilikuwa nakunja shuka bibi mmoja aliponisogelea. Alikaa usiku kucha pembeni, kwenye kigoda chake, hakuzungumza. Mwenyekiti wa kitongoji aliyekuwa ananisaidia spika aliacha alichokuwa akifanya na kwenda kusimama mbali, hapo nikaelewa ni nani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Rudisha pale kwenye visu."

Nililitandika shuka upya. Nikawasha jenereta, nikatafuta mahali penyewe, bila maiki, bila kusimulia. Akaangalia amesimama. Ilipoisha akasema, "Tena." Nikarudisha. Mara ya tatu hakusema, alinyoosha kidole tu. Mikono inavikusanya visu, mikono inavitupa, moto.

Akainama akaokota kigoda chake, akakiweka chini ya kwapa, akaniuliza: "Wale wanawake waliokuwa wanavishika hivyo visu, wanakula nini sasa?"

Nilimwambia filamu haisemi. Akaitikia kwa kichwa, akashika njia ya kwao bila tochi.